Mwanamke Aliyezikataa Risasi za Mbangala

Nikimtaja Tupokigwe hapa Tunduma, watu wageni huuliza kama ni dada yangu. Si dada yangu. Mimi ni Zahoro, mtoto wa Shaban, dereva aliyetoka Kondoa akalowea hapa mpakani. Nimezaliwa nyuma ya gereji na nimekulia kwenye moshi wa malori. Yeye ni Mndali wa milimani Ileje, binti wa mzee Jairo, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Hatukusali pamoja wala hatukukua pamoja. Lakini mwaka 1978 mwanamke huyo aliushika mkono wangu kwa sekunde tatu, na kwa sababu ya sekunde hizo nina macho mawili na vidole kumi. Nimeona haifai nife bila kueleza alikuwa mtu wa namna gani.

Alizaliwa mwaka 1948, wa tatu kati ya watoto saba. Alisoma mpaka darasa la nane, jambo ambalo kwa msichana wa milimani siku zile halikuwa dogo, na mwaka 1967 akaenda Jeshi la Kujenga Taifa. Kule kambini walimpa kazi ya kutunza sufuria, blanketi na majembe. Alivitunza vizuri mno, hata siku moja walipotafutwa watu wa kusomea utunzaji wa risasi, jina lake likatajwa. Walikuwa wanaume ishirini na yeye peke yake mwanamke. Mkufunzi akamuuliza mbele ya wote kwa nini anataka kazi hiyo.

"Kwa sababu sufuria nimekwisha zijua, Afande," alijibu.

Walicheka, lakini hakuwa anatania. Tupokigwe alikuwa mtu wa kutaka kujua kitu mpaka ndani. Kwenye kozi ile alijifunza jambo ambalo wengi wetu tuliobeba bunduki hatukulijua: kwamba risasi huzeeka. Sisi tulidhani risasi ni chuma, na chuma hukaa tu. Yeye alifundishwa kwamba chini ya ganda kuna fataki, kile kidude kidogo kinachogongwa na kutoa cheche. Ndani ya ganda kuna baruti. Na ganda lenyewe ni la shaba ya manjano, lazima liwe zima ili moto usitoke pasipotakiwa. Joto kali likikaa siku nyingi huila baruti polepole. Unyevu huiharibu fataki. Na ganda nalo lina maradhi yake. Kwa macho ya haraka risasi iliyozeeka inang'aa kama mpya, ila siku ukiivuta inaweza kukataa, au ikatoka nguvu nusu, au ikachelewa. Hiyo ya kuchelewa, alituambia mara nyingi, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inakufanya udhani imekufa.

Baadaye aliolewa na mwalimu Sadoki wa shule ya msingi, mtu wa Isansa, na mwaka 1973 akapewa ghala la risasi la kambi yetu ya mgambo, nje kidogo ya Hasamba. Mimi nilikuwa dereva wa lori la kambi hiyo, na mgambo kama wenzangu.

Jambo la kwanza alilofanya lilituchekesha. Aliazima kipimajoto kwenye kitalu cha kahawa, akakitundika ndani ya ghala, na kila siku saa nane mchana, jua likiwa kali, aliingia, akasoma, akaandika kwenye daftari la shule alilopewa na mumewe. Akitoka hapo anapapasa kuta kwa kiganja kutafuta unyevu. Anainua kila kasha na kuangalia chini yake. Alituamuru tukate magogo tuyapange sakafuni ili makasha yasiguse saruji, kisha tukaezeka nyasi juu ya mabati. Enoka, kijana wa Hasamba aliyekuwa mlenga shabaha wetu bora, ndiye aliyembandika jina la Mama Joto.

"Mama Joto, leo risasi zina homa?" alikuwa akimuuliza akipita na bunduki begani.

"Leo digrii ishirini na mbili. Wewe ndiye mwenye homa," naye humjibu bila kuinua macho.

Hasamba ni juu, kuna baridi. Mwezi wa sita asubuhi unatoa moshi mdomoni. Makasha yaliyokaa pale yalikaa salama. Habari ilikuwa nyingine kule Mbangala, bondeni.

Mbangala mwezi wa kumi jua linapiga hadi mbuzi wanakataa kutoka kivulini. Mwaka 1975, baada ya watu kuhamishiwa katika kijiji kipya cha ujamaa, kikosi kidogo cha mgambo kilipelekwa kule, kikapelekewa makasha kumi na tisa ya risasi za bunduki zile za zamani za komeo, kile chuma unachokivuta kwa mkono kila baada ya kupiga. Hapakuwa na ghala. Makasha yakawekwa kwenye banda la mabati la kijiji, mabati juu, mabati ubavuni. Tupokigwe aliandika barua mara mbili kuomba yarudishwe juu au yajengewe mahali pazuri. Alijibiwa kwamba ombi limepokewa. Miaka mitatu ikapita, masika tatu na viangazi vitatu, na makasha yakabaki palepale.

Kisha vita ikaja. Mwisho wa Oktoba 1978 redio ilitangaza kwamba nchi imevamiwa kule Kagera. Sijawahi kuona watu wamechemka namna ile. Wanyiha, Wanamwanga, Wandali, sisi tuliotoka mbali, wote tulikuja kambini kuandikisha majina. Wengine walikuja na majembe begani moja kwa moja kutoka shambani. Vijana sitini walichaguliwa kuongezewa mazoezi kabla ya kupelekwa vitani. Mkuu wa kambi yetu, Afande Ipyana, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, akaagiza kikosi cha Mbangala kifungwe na makasha yote yaletwe Hasamba, yatumike.

Nilitumwa mimi.

Nilifika Mbangala mchana. Nilipofungua mlango wa banda lile, joto lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri, na pamoja nalo harufu kali iliyonitoa machozi. Makasha yalikuwa yamepangwa ukutani, na mbele yake, mpaka juu, magunia ya mbolea ya chumvichumvi ya mahindi ya kijiji. Magunia mengine yalikuwa yamepasuka, mbolea imemwagika juu ya makasha, imeshika unyevu na kuganda. Makasha mawili yalikuwa yamefunguliwa na kugeuzwa viti. Nilipangusa, nikapakia.

Njiani mvua za kwanza zikatukuta. Turubai langu lilikuwa na tundu ambalo nilikuwa nimeahidi kuliziba tangu Agosti. Kwenye kivuko cha mto lori likazama matope, tukalala pale, maji yakaingia. Barabara ya kupandia milimani ilikuwa mawe matupu; makasha yaliruka na kugongana njia nzima. Asubuhi nilipofika Hasamba nilikuwa nimechoka, nimelowa, na nilikuwa na aibu.

Tupokigwe alinipokea mlangoni mwa ghala. Hakuanza kwa kuhesabu. Aliinama akanusa kasha la kwanza.

"Ndugu Zahoro, haya yalilala na nini kule?"

Nilijua anachouliza. Nilijua pia atauliza kuhusu turubai.

"Yalilala peke yake," nikasema. "Ni harufu ya banda tu."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema makasha yasiingie ghalani na yale mengine. Yawekwe pembeni, chini ya kibanda cha nyasi, hatua mia kutoka kwa watu. Tulilalamika, tukabeba.

Siku nzima ile alifanya kazi peke yake. Alifungua makasha matano. Ndani ya kila kasha kulikuwa na kopo la bati lililozibwa kwa kulehemu ili hewa isiingie. Makopo mengine yalikuwa mazima, lakini mengi yalikuwa yamepigwa na kupasuka kwenye pembe, au yamefunguliwa zamani na kufunikwa kwa gazeti. Alitoa risasi mia moja akazipanga juu ya blanketi, akazikagua moja moja kwa kioo cha kukuzia alichokuwa nacho mwalimu Sadoki kwa ajili ya somo la sayansi. Nilimpelekea chai saa kumi. Alinionyesha. Kwenye shingo ya ganda, pale kichwa cha risasi kinaposhikwa, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akachukua nyingine, nayo ina ufa. Nyingine ilikuwa na ukungu wa kijani kuzunguka fataki.

"Ishirini na mbili katika mia zina ufa," alisema. "Hizo ni ninazoziona."

Afande Ipyana alikuja jioni hiyo na karatasi ya kutia saini, kwamba makasha kumi na tisa yamepokelewa na yanafaa kutumika. Sisi tulikuwa tumekaa karibu tukisafisha bunduki, kwa hiyo tulisikia yote.

"Nitaandika yamepokelewa," Tupokigwe alisema. "Kwamba yanafaa, siwezi kuandika, Afande."

"Hufahamu kwamba nchi iko vitani?"

"Nafahamu. Ndiyo maana."

"Jumamosi vijana sitini wanapiga shabaha. Wiki ijayo wanaondoka na risasi hizi. Nikawaambie nini? Kwamba mama mmoja ameona ufa kwa kioo cha wanafunzi?"

"Waambie hivyohivyo, Afande. Waambie zimekaa miaka mitatu kwenye joto la zaidi ya digrii hamsini, zikalowa, zikagongwa. Adui akija mbele ya kijana, akavuta, isilie, nani atajibu kwa mama yake?"

Ipyana alipandisha sauti mpaka watu wa barabarani wakasimama. Alisema kuna watu wanaogopa vita na wanatafuta sababu. Lilikuwa neno baya, na kwa mwaka ule lilikuwa neno la hatari. Mtu angeweza kuitwa msaliti kwa chini ya hapo. Tupokigwe alifumbata mikono. Akaiweka nyuma.

"Jina langu liandike kama unavyotaka," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini si kwenye hiyo karatasi."

Ipyana akatafuta njia ya katikati. Kesho asubuhi zipigwe risasi ishirini kutoka kwenye makasha yale. Zikilia zote, Tupokigwe atatia saini.

"Ishirini zikilia hazitakwambia ya ishirini na moja itafanya nini," alisema Tupokigwe. "Lakini sawa. Tufunge bunduki kwenye magogo, tuvute kwa kamba tukiwa mbali."

"Bunduki si mbuzi wa kufungwa kamba. Atapiga mtu."

Hapo nikasimama. Wenzangu walidhani nimepata ujasiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakumbuka magunia yale ya mbolea, na sikuweza kukaa nimwone Enoka au mwingine akilala nyuma ya bunduki ile huku mimi nikijua ninachokijua. Nilisema, "Nitapiga mimi, Afande." Kusema ukweli wote sikuweza bado. Ndivyo nilivyokuwa.

Asubuhi ilikuwa na ukungu mwepesi. Kambi nzima ilisimama nyuma ya kamba, mbali, kama alivyoamuru Tupokigwe. Alipanga mifuko ya mchanga mbele yangu na pembeni, akanifunga miwani ya fundi wa kulehemu aliyoiazima Mlowo, akalala kifudifudi ubavuni kwangu, upande wa kulia. Ipyana alimwambia arudi nyuma. Alikataa.

"Sikiliza, Zahoro," aliniambia. "Ukisikia 'ta' bila mlio, usiguse komeo. Mtutu ubaki mbele. Usigeuze kichwa, usiinuke. Tunangoja mpaka niseme mimi."

Risasi nne za kwanza zililia vizuri. Nilisikia watu nyuma wakianza kunong'ona, na mmoja akacheka. Ya tano ililia vibaya, mlio mdogo, kama mtu aliyepiga kofi kwenye maji, na vumbi likaruka nusu ya njia.

"Simama," alisema. Alingoja, kisha akanifungulisha bunduki, akapitisha fimbo ya kusafishia kwenye mtutu kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Tunaangalia kama kipande cha risasi hakikubaki ndani. Kikibaki, ya pili yake itapasua mtutu." Ulikuwa wazi. Tukaendelea. Ya sita, ya saba, ya nane zikalia.

Ya tisa nikavuta. Ta.

Kimya. Na hapa ndipo ninapotaka nieleweke. Tulikuwa tumefundishwa kwa miezi: bunduki ikikataa, vuta komeo, tupa mbovu, sukuma nyingine, piga. Tulifanya hivyo hata tukiwa tumefumba macho. Nilikuwa nimeambiwa nisiguse na nilikuwa nimekubali, lakini mkono hausikilizi maneno kama unavyosikiliza mazoea. Mkono wangu ulikwenda kwenye komeo. Nilikuwa nimekwisha linyanyua kwa upana wa vidole viwili hivi.

Kiganja chake kikashuka juu ya mkono wangu, kizito, kikalirudisha komeo chini, kikabana pale.

"Acha," alisema. "Moja. Mbili."

Kwenye tatu ikalia.

Ililia kwa nguvu zote, kitako kikanipiga bega, na tuta la mchanga mbele likafuka vumbi. Kama komeo lingekuwa wazi, moto ule na ganda lile vingetoka nyuma, usoni kwangu. Miwani ya kulehemu isingetosha. Nililala pale nikisikia moyo wangu ukigonga ardhi. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya mkono wangu.

"Sasa fungua," alisema. "Polepole."

Ganda likatoka limepasuka shingo mpaka tumboni.

Aliinuka, akapangusa vumbi kwenye gauni, akaenda na ganda lile kwa Ipyana, akaliweka kwenye kiganja chake. Hakusema kwamba alimwonya. Aliuliza tu, "Zimebaki kumi na moja, Afande. Niendelee?"

Ipyana aliligeuza lile ganda mara nyingi. Nilidhani atafoka. Badala yake alivua kofia.

"Inatosha, Ndugu Tupokigwe," alisema, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. "Na lile neno la jana nalirudisha. Nalirudisha mbele ya watu wote hawa, kama nilivyolisema mbele yao."

Hapo na mimi nikapata ulimi. Nikaeleza habari za mbolea, turubai, kivuko, viti. Nilieleza nikiwa nimesimama mbele ya kambi nzima. Tupokigwe alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia jana mlangoni," alisema, na alikuwa amekasirika kwelikweli, "ningekuwa na neno la kumwambia Afande. Mbolea ile ikipata unyevu hutoa hewa kali inayoila shaba, ikapasua ganda lisiloguswa na mtu. Nilikuwa naona ufa, sijui umetoka wapi. Umenifanya nipigane nikiwa nimefungwa mkono mmoja."

Nilimwomba radhi. Kesho yake niliziba turubai, na sijawahi tena kuendesha lori lenye turubai bovu.

Ipyana mwenyewe ndiye aliyeandika barua jeshini, na safari hii jibu lilikuja kwa siku nne. Alikuja mtaalamu wa risasi, mtu wa makamo mwenye miwani, aliyekaa siku mbili. Alipima, alikata maganda, alichoma baruti kidogo kidogo kwenye sahani. Alisema makasha kumi na manne yateketezwe. Matano, yale ambayo makopo yake ya bati yalikuwa mazima, yasiende vitani. Yatumike kwa mazoezi tu, chini ya uangalizi. Kisha akaomba kuona daftari la joto. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, miaka mitano ya saa nane mchana, akauliza nani alimwagiza kuliandika.

"Hakuna," alisema Tupokigwe. "Nilitaka kujua zinaishije."

Yule mtaalamu alikaa jioni nzima akilinakili kwa mkono wake. Alipoondoka alimpigia saluti yeye kwanza, ndipo akampigia Afande Ipyana. Sisi tuliosimama kwenye mstari tuliona, na kila mmoja alilisimulia nyumbani kwake usiku ule. Enoka hakumwita tena Mama Joto kwa mzaha. Alimwita hivyo kwa heshima, na jina likabaki.

Makasha yale yaliteketezwa shimoni na watu wa jeshi, mbali na makazi. Risasi mpya zililetwa kwa treni ya Tazara, na Tupokigwe alizipokea mwenyewe stesheni ya Mlowo, akakaa juu ya lori langu njia nzima akiniamuru nipunguze mwendo kwenye kila jiwe. Vijana sitini wakaondoka. Wanne hawakurudi, Mungu awarehemu, lakini hakuna hata mmoja aliyeumizwa na bunduki yake mwenyewe. Enoka, aliyekuwa mmoja wao, alituandikia kutoka huko barua fupi, na kwenye barua hiyo kulikuwa na mstari mmoja kwa ajili ya Tupokigwe: "Mwambieni Mama Joto, kila nilipovuta, ililia." Tupokigwe alinipa niusome kwa sauti. Akaniomba niusome mara ya pili. Akasema "ndaga," neno lao la shukrani, akaenda nje kidogo.

Baada ya vita, mwaka 1980, walimtuma Mbangala kusimamia ujenzi wa ghala la kufaa. Wanakijiji walinung'unika mwanzoni: kwa nini risasi zijengewe nyumba bora kuliko zao? Tupokigwe hakuwabishia. Aliwaingiza wajumbe wa kijiji, mmoja mmoja, kwenye lile banda la mabati saa nane mchana, akafunga mlango, akawaacha humo kwa dakika kumi. Walipotoka wakitiririka jasho, aliwaambia, "Ninyi mmekaa dakika kumi. Na nyumba zenu ziko hatua arobaini kutoka hapa. Siku risasi zikichoka kukaa humu, zitawaamkia ninyi kwanza." Ferista, mama aliyekuwa katibu wa kijiji, ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba jiwe. Ghala likajengwa mbali, kuta nene za mawe, madirisha madogo ya juu yenye wavu, nyasi nzito juu ya mabati, magogo sakafuni, na mlangoni maneno aliyoyaandika kwa rangi nyekundu: MBOLEA HAIINGII HUMU. Ndani ya ghala lile, mchana wa Oktoba, kipimajoto kilisoma ishirini na tisa. Nilikuwepo, nilikisoma mwenyewe, na nilijisikia kama mtu aliyeona theluji.

Tangu hapo watunza ghala wa wilaya nyingine walianza kuja kujifunza kwake. Walikuwa wanaume watupu, wengine wenye vyeo. Aliwafundisha kusoma tarehe kwenye kasha na kutoa la zamani kabla ya jipya, kunusa kabla ya kufungua, kuuliza dereva alipita wapi. Hapo kwenye dereva alikuwa ananitazama mimi, na wote wanageuka kunitazama, na mimi nilikuwa nakubali kwa kichwa.

Alikabidhi ghala mwaka 1985. Nilimpeleka Isansa kwa lori, yeye na mwalimu Sadoki, vitanda vyao na kuku. Kata ilikuwa imeandaa mkutano shuleni. Mzee Jairo alikuwa ameletwa kutoka Ileje akiwa mzee sana, ameketi kiti cha mbele amevaa koti lake la kanisani. Hotuba zilikuwa nyingi na ndefu, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Mwisho wakamwomba Tupokigwe aseme.

Alisimama. Hakuwa na karatasi.

"Nimekaa ghalani miaka kumi na miwili," alisema. "Katika miaka hiyo, risasi iliyopita mikononi mwangu haikumuumiza mtu wetu hata mmoja. Nashukuru."

Akaketi. Kwa muda hakuna aliyejua kwamba hotuba imekwisha. Kisha mzee Jairo akaanza kupiga makofi, peke yake, taratibu, na shule nzima ikamfuata. Tulipiga makofi mpaka mwenyekiti akachoka kutuomba tukae.